Kimashine cha kuchora majina

Basi bwana, mimi nimenunua kimashine. Wanaonijua wataanza kucheka hapo hapo, maana bado wanakumbuka ile kamba ya mazoezi ambayo mpaka leo inafungia mlango wa banda la kuku kwa mama. Lakini hiki ni tofauti, wadau. Hiki nakitumia.

Kimekaa kama kalamu nene, unene wa kidole gumba hivi. Hakina waya. Unakichaji kama simu, kikijaa unaingia nacho popote. Mbele kina kincha kidogo kigumu kinachozunguka kwa kasi, na ukikigusisha kwenye chuma, kioo au plastiki kinaacha alama ambayo hata usugue kwa mchanga haitoki. Kazi niliyokinunulia ni moja tu: kuandika jina langu kwenye vitu vyangu. Nilikipata Kariakoo kwa shilingi 35,000, muuzaji alianzia 60,000, na nina uhakika hata hapo kanipiga.

Sasa mtu mzima, mwandishi wa habari, mwenye kitambulisho na kodi ya nyumba inayomsubiri, anaandika majina kwenye vitu kama mtoto wa bweni? Ngoja niwaeleze. Habari yenyewe hainipendezeshi, lakini nimeibeba mwaka mzima na nimechoka kuibeba.

Ofisini kwetu tuligawiwa rekoda tano. Zote nyeusi, zote kampuni moja, zote zimefanana kama mayai ya trei. Moja nilipewa mimi, nyingine alipewa jamaa aliyekuwa anakaa meza ya pembeni yangu. Nitamwita Jirani. Anaandika michezo, anapiga picha zake mwenyewe, na kwa miaka mitatu tulikuwa tunakula chipsi mayai sahani moja mwisho wa mwezi mambo yakibana. Mkewe alipojifungua usiku wa manane mimi ndiye niliyetafuta bajaji. Mnaelewa aina ya ujirani ninaousema.

Mwaka jana nikamhoji mzee mmoja aliyekuwa kibarua kwenye ujenzi wa TAZARA. Reli ile ilijengwa kati ya 1970 na 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi kule Zambia, na watu waliobaki wanaoweza kukusimulia walivyokuwa wanalala porini kati ya Mlimba na Makambako, kwenye mahandaki na madaraja, wanapungua kila mwaka. Mzee alizungumza saa mbili na dakika kadhaa. Alinisimulia chakula, malaria, matope, mafundi wa Kichina waliokuwa wanalima mboga zao kando ya kambi, na rafiki yake ambaye hakurudi nyumbani. Nilitoka pale nimebeba hazina. Kuihamishia kwenye kompyuta nikasema nitafanya kesho.

Kesho yake rekoda haipo.

Nilipekua begi, droo, suruali ya jana, mpaka friji ya ofisi (msiniulize). Siku ya tatu nikapita karibu na meza ya Jirani nikaona rekoda, na kwenye kona yake kuna mkwaruzo. Rekoda yangu ilikuwa na mkwaruzo kwenye kona. Nikaichukua mbele za watu, nikasema, "Si hii hapa?"

Akasema, "Hiyo yangu, kaka."

Ningeirudisha pale mezani mambo yakaisha. Mimi nikaiwasha. Ndani hakuna mzee wa reli, kuna kocha mmoja analalamikia marefa. Hapo mtu mwenye akili angeomba radhi. Mimi nikasema neno ambalo nikilikumbuka saa hizi masikio yanapata moto. Nikasema, "Kwa hiyo umefuta?"

Chumba kizima kikanyamaza. Jirani hakujibu. Alichukua rekoda mkononi mwangu taratibu, akaitia kwenye begi, akatoka nje. Nilikaa pale nimeshikilia haki yangu ya uongo.

Wiki tatu baadaye dereva wa ofisi alikuwa anatoa mazulia ya gari ayaoshe. Akaja na kitu cheusi kimejaa vumbi. "Hii ya nani jamani?" Ilikuwa chini ya siti ya nyuma muda wote huo. Mzee wangu alikuwamo, saa mbili na dakika zake, hajapungua hata kikohozi. Na wakati huo huo nilikuwa nimeshapata habari kwa mwanawe kwamba mzee amepata kiharusi na hawezi tena kuzungumza. Kwa hiyo kile kilichokuwa chini ya siti ndiyo nakala pekee ya sauti ile duniani. Nililia chooni, kusema kweli, na sikujua nalilia kipi, mzee au yule mtu niliyemwita mwizi.

Nilimwendea Jirani siku ile ile, nikamwomba msamaha mbele ya wale wale walionisikia. Akasema, "Yameisha bwana." Kiswahili chetu mnakijua. Kuna yameisha ya kuisha, na kuna yameisha ya kukufungia mlango kwa adabu. Wiki iliyofuata alihamisha meza yake akaiweka dirishani. Alisema anataka hewa.

Niliwaza sana. Kama ile rekoda ingekuwa na herufi mbili tu za jina langu mgongoni, nisingeweza kuinyoosha ile ya mwenzangu nikasema si hii hapa. Ndipo nikaanza kutafuta namna ya kuandika vitu, na safari ikaishia Kariakoo.

Haya, tuingie kwenye ufundi, maana najua kuna watakaotaka kununua.

Vimashine hivi viko vya aina mbili. Kuna vinavyogonga, ncha inapanda na kushuka haraka sana kama sindano ya cherehani; hivi ndivyo vizuri kwa chuma, na vingi vinatumia umeme wa ukutani. Kuna vinavyozunguka, kama changu, ambavyo ni vidogo na haviumizi mkono, lakini vina tabia ya kuteleza: ncha inazunguka upande mmoja, kwa hiyo inataka kuivuta kalamu upande wake. Ukibonyeza kwa nguvu ndiyo unaharibu kabisa. Unakiegemeza tu, unapita juu ya mstari ule ule mara tatu nne.

Ncha nayo ina habari yake. Kwa chuma watu wanatumia kabaidi ya tungsteni. Kwa kioo na vigae unataka ile yenye unga wa almasi, kwa sababu kwenye kipimo cha Mohs cha ugumu wa madini almasi ni 10 na hakuna madini yanayoipita. Kioo weka tone la maji ili vumbi lisiruke, na vaa miwani hata kama mkeo atakucheka. Vumbi la kioo si la kuvuta. Kwenye plastiki usikawie sehemu moja, maana msuguano unaleta joto, plastiki inayeyuka na herufi inakuwa kidonda. Na tafadhali, betri ya simu au ya laptopu usiiguse kabisa. Betri za lithiamu zikitobolewa zinawaka moto. Andika kwenye ganda, mbali na betri, mbali na matundu ya hewa.

Mimi nilianza na ile rekoda. Nilitegemea herufi kama za muhuri. Nilichopata ni kitu kama mwandiko wa daktari aliyepanda daladala ya Mbagala akiwa amesimama. R yangu ukiitazama haraka ni K. Baadaye nikajifunza: andika kwanza kwa kalamu ya wino mzito, bandika selotepu ya kung'aa juu yake, kisha fuatisha. Selotepu inazuia ncha isiteleze. Tumia herufi kubwa zenye mistari iliyonyooka. A, E, K, M, T, hizo rafiki zako. O na S ni maadui.

Swali gumu zaidi lilikuwa niandike nini. Jina kamili? Majina yetu wengi wetu yamejaa mtaa mzima, ukipiga kelele kituoni watageuka watu sita. Namba ya simu? Laini ukiiacha muda mrefu bila kuitumia inafungwa, halafu anauziwa mtu mwingine, kwa hiyo unaweza kujikuta umemwandikia laptopu mtu usiyemjua. Namba ya NIDA nayo ina tarakimu 20, utamaliza chaji kabla hujafika katikati, na isitoshe zile nane za mwanzo ni tarehe yako ya kuzaliwa: mwaka, mwezi, siku. Unamtangazia kila anayeshika kikombe chako umri wako.

Wenzetu walishapita njia hii. Polisi wa mji wa Monterey Park, California, walianza mwaka 1963 kuwahimiza watu wachore alama kwenye televisheni na redio zao, mpango ukasambaa Marekani nzima kwa jina la Operation Identification. Wengi waliandika namba zao za hifadhi ya jamii. Miaka ikapita, wezi wa kisasa wakagundua kwamba namba ile ina thamani kuliko redio yenyewe, watu wakaanza kuambiwa acheni kuiandika. Uingereza wao wanaandika postikodi na namba ya nyumba. Hata sisi tulipigiwa namba nyumba zetu kwenye operesheni ya anwani za makazi mwaka 2022, ila mimi nimepanga. Nimehama mara tatu tangu hapo. Kila kitu changu kingekuwa na historia ya wenye nyumba wangu wote.

Mwishowe nikachagua herufi tatu za majina yangu na mwaka niliokinunua kitu. Hakuna mjini mwenye herufi zile, mwaka ule, na R inayofanana na K.

Jumapili moja nikaenda nacho Tabata kwa mama. Kosa kubwa. Mama aliniangalia ninavyoandika bilauri moja, akasema, "Baba, hebu ngoja," akaingia stoo. Alitoka na sufuria. Akarudi tena. Sufuria, masinia, hotipoti, majagi, upawa, deli mbili. Ua ulijaa kama kuna shughuli.

Kwa wasiojua, vyombo vya mama wa Kiswahili si vyake peke yake. Msiba ukitokea mtaani, sufuria kubwa zinatoka nyumba hii na ile. Harusi, maulidi, arobaini, vivyo hivyo. Wanapika watu kumi, wanaosha watu wengine kumi, na jioni kuna lundo la vyombo linalofanana na kila mtu anatafuta chake. Ndiyo maana mama zetu waligundua kimashine changu kabla sijazaliwa. Wengine wanapaka rangi ya kucha chini ya sahani. Wengine wanamtafuta kijana mwenye nyundo na msumari, anagonga vitundu vitundu mpaka herufi inatokea. Nilivyosoma bweni ndoo yangu, sahani yangu na tranka vyote vilikuwa na jina kwa rangi ya mafuta, na bado ndoo iliibwa, jina likakwanguliwa kwa kiwembe, tukabaki tunaitazama mkononi mwa mtu mkubwa kuliko sisi bila kusema.

Mama ana sufuria iliyoondoka kwenye msiba mmoja mwaka 2009 na haijarudi mpaka leo. Anajua iko nyumba gani. Ameiona. Anayeitumia ni mtu wanayesalimiana naye kila asubuhi, "Shikamoo dada," "Marahaba, mmeamkaje," na katikati ya salamu hiyo kuna sufuria namba kumi. Nikamwuliza kwa nini asiidai. "Nitamwonyesha nini?" akasema. "Sufuria haina mdomo."

Basi nikaketi kwenye kigoda nikachonga. Sufuria za aluminiamu ni laini, ncha inaingia kama kisu kwenye siagi iliyolala frijini. Niliandika nje, karibu na ukingo, kwa sababu chini kuna masizi na steel waya. Hotipoti za chuma kisichoshika kutu zilinitoa jasho. Sahani za bati zilizopakwa rangi ya kung'aa niliziacha, ile rangi inabanduka na kutu inaingilia hapo hapo.

Katikati nikashika sufuria moja ndogo, nzito, ya zamani, mkono mmoja umechomelewa. Nikaweka ncha, mama akanishika kifundo cha mkono. "Hiyo usiandike." Akaigeuza kwenye mwanga. Kando ya mkono ule kulikuwa na vitundu vya msumari vimekaribia kufutika. Herufi mbili. Jina la bibi, mama yake, aliyefariki mimi nikiwa darasa la tatu. Nilikulia kwenye ile sufuria, nimekula uji wake wote, na sikuwahi kuviona vile vitundu. Nikamwuliza kama anataka nimwekee jina lake chini ya la bibi. Alifikiri kidogo. Akasema, "Acha. Mimi naijua."

Turudi kwenye swali ambalo najua mnalo: linasaidia? Mwizi ataogopa jina?

Jibu langu ni nusu. Mwizi wa usiku haanzi kusoma. Lakini kuuza ni kazi nyingine. Angalieni magari hapa Dar. Namba ya gari imechorwa kwenye kila kioo, kwenye sait mira, kwenye taa. Wenye magari hawakufanya vile kwa urembo. Walichoka kwenda kununua dukani sait mira zao wenyewe. Kitu chenye namba ya mtu mwingine kinashusha bei, na anayekinunua hawezi kusema hakujua. Hasara ni kwamba hata wewe mwenyewe siku ukitaka kuuza, bei imeshuka. Laptopu yangu sasa hivi haiuziki. Nitazikwa nayo.

Simu ni jambo jingine, zenyewe zinazaliwa na jina. Bonyeza *#06# utaona IMEI, na tunakumbuka Juni 2016 TCRA ilivyozima simu bandia kwa kutumia namba hizo hizo, watu wakaamka na matofali mkononi. Iandike mahali, siyo ndani ya simu yenyewe (nawajua). Lakini kamera, lenzi, feni, pasi, baiskeli ya mtoto? Niliwahi kwenda kituo kimoja cha polisi kufuata habari ya wizi wa majumbani. Kwenye chumba cha nyuma kulikuwa na vitu vilivyokamatwa vimepangwa mpaka dirishani. Laptopu, redio, mitungi ya gesi. Askari akaniambia watu wanakuja na RB zao, wanaangalia, wanasema "kama ile," "nadhani ile." Nadhani haitoshi kumpa mtu mali, wala haitoshi kumfunga mtu. Wanarudi nyumbani, vitu vinabaki.

Nikamkumbuka Jirani pale pale. Mimi nilimhukumu mtu kwa "nadhani" na mkwaruzo.

Ofisini habari ya kimashine ikaenea. Mhasibu akaleta kikokotoo. Mpiga picha mkuu akaleta mfuniko wa lenzi lakini akakataa nisiguse lenzi yenyewe, na yuko sahihi. Dada wa mapokezi akaleta flaski ya chai ambayo kila mtu huwa anaiazima na hakuna anayeirudisha, akataka niandike jina lake na maneno "NIRUDISHE." Nilimwandikia bure. Jirani hakuja. Niliona anaangalia kutoka dirishani, akirudi kwenye skrini.

Alhamisi iliyopita saa kumi na mbili jioni, watu wameshatoka, nasikia kiti kinaburuzwa. Ni yeye. Akaketi mbele ya meza yangu, akatoa rekoda yake mfukoni, akaiweka katikati yetu. Ile ile yenye mkwaruzo kwenye kona.

"Na mimi niandikie."

Nikatoa selotepu. Mikono ilikuwa inatetemeka kidogo, nikajifanya natafuta kalamu. Nikamwuliza, "Niandike nini, herufi za jina?"

Akaitazama rekoda, akanitazama mimi.

"Andika SI YAKO."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Nikasubiri aseme anatania, hakusema. Basi nikaandika kwa wino, nikabandika selotepu, nikawasha kimashine. Herufi sita, mbili kati yake ni S na O, na kwenye plastiki. Alikaa pale muda wote ananiangalia ninavyohangaika, hakuniharakisha. S ikaegemea kushoto. O ikatoka kama kiazi.

Akaichukua, akapuliza vumbi, akapitisha kidole juu ya maandishi.

"Mbaya kweli," akasema. Akaitia mfukoni, akasimama. Alipofika mlangoni akageuka. "Kesho nakuja na chaja."

Meza bado iko dirishani. Chaja aliileta.